Nyota nne kwa kituo cha ushauri nasaha Tanga: walitufundisha kupotea, kuanguka na kupandisha sio kitu kimoja

Habari zenu jamani. Naandika hii kuhusu kituo cha ushauri nasaha hapa Tanga mjini ambacho mi na mdogo wangu tumekitumia kwa miezi kama minane sasa, na shangazi alikuja mara moja. Jina la kituo siliweki. Mji wetu mdogo, nikitaja jina na mtaa basi kesho soko la Mgandini wote wanajua nani anaanguka na kwanini, na lile jambo la mdogo wangu ni lake sio la mtaa. Ila huduma yenyewe naieleza yote, bei, wanachokijua, walipotukosea, ili mtu mwenye mtoto au ndugu anayehangaika kama tulivyohangaika sisi ajue akienda kwa mshauri yoyote yule aulize nini.

Kwetu nyumba moja tulikuwa watatu wenye mambo, na wote watatu mtaa ulitupa jina moja, majini.

Mdogo wangu alianza kuanguka akiwa kidato cha tatu, bweni. Anaanguka, anafumba macho kwa nguvu, mwili unatetemeka, kichwa kinaenda huku na huku, dakika kumi, wakati mwingine robo saa, afu anazinduka analia. Shule ikamrudisha nyumbani. Shangazi yetu yeye ni kiti tangu usichana wake, yani mtu wa kupandwa na pepo, ngoma ikipigwa anapandisha, anaongea sauti ya mzee wa kiume, akishuka anaomba maji anajifunga kanga yake anaenda kupika. Na mimi, mimi nilikuwa napotea. Sikuwa na neno lingine zaidi ya hilo. Ilianza wiki chache baada ya arobaini ya mama, nimesimama sokoni nachagua nyanya afu ghafla kila kitu kikawa mbali, kama vile naangalia watu kupitia kioo, sauti yangu naisikia lakini kama vile anaongea mtu mwingine nyuma yangu, naangalia mikono yangu naona kama vile sio yangu. Nikarudi nyumbani nikajitazama kwenye kioo nikajua huyu ni mimi ila sikumhisi. Ilikaa siku tatu ikaondoka, ikarudi, mwisho ikawa haiondoki kabisa, miezi mitano naishi hivo, napika, naenda kazini, nasalimia watu, na ndani sipo. Nilikuwa nawaza ndo nachanganyikiwa na nikisema tu wananipeleka Mirembe, hospitali ya wagonjwa wa akili kule Dodoma, nyie mnajua watu wanavyolisema hilo jina, kwahiyo nikanyamaza.

Mdogo wangu alipelekwa hospitali, sitaitaja, akaandikiwa dawa za kifafa kwa maelezo ya mlezi wa bweni tu bila kipimo chochote cha kichwa. Miaka miwili anakunywa. Dozi ikaongezwa mara mbili. Anasinzia mchana kutwa, darasani hashiki kitu, na kuanguka kuko palepale, wiki mara tatu mara nne. Tukaenda kwa mganga, pesa ya kuku, pesa ya udi, pesa ya kitambaa, tukaambiwa jini la baharini linataka ngoma ya siku saba. Kwa upande wangu daktari mmoja aliniambia ni stresi tu, nenda kapumzike. Sasa ukiangalia, watu watatu tofauti kabisa, na hakuna hata mmoja kati ya wote tuliowaendea aliyekaa akauliza maswali ya kututofautisha. Hicho ndo kitu ambacho hiki kituo kilifanya na ndo sababu naandika.

Siku ya kwanza tuliingia saa tatu asubuhi tukatoka karibu saa tano. Mshauri ni mama mtu mzima, tukamwamkia, akaitikia vizuri, akamwambia mdogo wangu mwanangu hapa hutanielezea kitu usichotaka kukieleza leo, nataka kujua tu mwili wako unafanyaje. Basi. Akaanza kuuliza. Ukianguka unasikia watu wanaongea au husikii? Kabla hujaanguka kuna harufu, kuna joto, kuna mtu amesema neno gani? Umeshawahi kuanguka ukiwa peke yako umelala? Umeshajing'ata ulimi, pembeni au mbele? Umeshajikojolea? Macho yanakuwa wazi au yamefumba? Hilo la macho mimi ndo nilijibu maana yeye hajioni. Hakuandika jibu moja akarukia jina la ugonjwa, aliuliza mpaka mwisho, afu akasema neno ambalo sikuwahi kulisikia maishani, disosiesheni.

Alivyotueleza ni hivi, na mi naona hakuna maelezo mazuri zaidi ya haya kwa mtu wa pwani. Babu yetu mzaa mama alikuwa mvuvi, mshauri alishalijua hilo kwenye yale maswali yake. Akasema jahazi likipigwa na dhoruba nahodha anatua tanga, haliendi popote lakini halipinduki. Akili ya binadamu nayo inayo hiyo, ikizidiwa na maumivu au hofu ambayo huwezi kupigana nayo na huwezi kuikimbia, inatua tanga, inakata hisia, inakata kumbukumbu, inakata mwili, ili mtu apite. Huo sio uchizi, umekuokoa. Shida inakuja dhoruba ikishapita na tanga bado liko chini, au kila upepo mdogo ukivuma linashuka lenyewe. Mdogo wangu alimwangalia kwa muda mrefu hapo. Mi nadhani ndo mara ya kwanza mtu mzima kumwambia kwamba mwili wake ulijaribu kumsaidia.

Na akasema kidogo kidogo kila mtu anayo. Umepanda daladala Makorora unashtuka upo Raskazone na hukumbuki vituo vya katikati, hiyo ni disosiesheni ndogo ya kawaida. Mtoto amezama kwenye hadithi unamwita mara tatu hasikii, hiyo nayo. Hata ile hali yangu ya kioo, karibu nusu ya watu wazima huwa wanaipata angalau mara moja maishani, wakikosa usingizi, wakifiwa, wakipata ajali, inapita. Inakuwa ugonjwa pale inapokaa au kurudi rudi na kukuharibia maisha. Na hapo ndo inagawanyika aina kwa aina, na ukikosea aina unakosea tiba, aliongea hilo mara nyingi mpaka nikalishika.

Ya kwangu inaitwa dipasonalaizesheni na dirialaizesheni, ni majina marefu ila maana yake nyepesi, la kwanza ni wewe kujiona mgeni kwako mwenyewe, la pili ni dunia kuonekana sio ya kweli, kama ndoto, kama ukungu, na mara nyingi yanakuja pamoja kwahiyo vitabu vya madaktari vinayaweka kwenye ugonjwa mmoja. Inakadiriwa asilimia moja mpaka mbili ya watu wanao kabisa, na wengi huwa wanaanza kwenye miaka kama 16 hivi, mi nilichelewa. Mshauri alinisikiliza afu akaniambia, umesema kama vile mara nyingi sana, kama vile kioo, kama vile sio mikono yangu, umegundua? Mtu anayesema kama vile bado fahamu zake anazo, anajua hali halisi ni ipi ila hisia ndo hazipo. Aliyepoteza uhalisia yeye hasemi kama vile, anakwambia kabisa hii mikono wameniwekea watu. Jamani nililia. Miezi mitano nimekaa na hofu ya kuwa chizi na jibu lilikuwa kwenye maneno yangu mwenyewe. Aliniuliza pia kama navuta bangi, kama nalala, kama nashikwa na paniki, nikashangaa kidogo lakini kumbe bangi na kukesha vinaweza kuwasha hiyo hali au kuizidisha. Sivuti, ila kulala nilikuwa silali, tangu msiba nilikuwa nalala masaa matatu.

Afu akanionya kitu ambacho kimenisaidia kuliko vyote, akasema acha kujipima. Mi nilikuwa kila nusu saa najikagua, je nipo? je najihisi? nagusa ukuta, najitazama kwenye kioo, na kila nikijikagua naona sipo, hofu inapanda, na hofu ikipanda tanga linazidi kushuka. Ni duara. Akanipa kazi ya kurudisha akili kwenye vitu vya nje, wala sio vya ajabu, ndimu kwenye mkoba unaikwangua unanusa, miguu peku kwenye sakafu ya baridi, kutaja vitu vitano unavyoviona na rangi zake, maji ya baridi usoni. Na kulala saa nne usiku kila siku. Mwanzoni niliona hizi ni dawa za watoto na nikawaza nimetoa hela bure, lakini mwezi wa pili asubuhi moja nilisikia harufu ya maandazi ya jirani na ikanifikia kweli, yani ikaniingia, nikakaa kitandani sijui dakika ngapi nanusa tu.

Mdogo wangu sasa. Mshauri hakusema hii sio kifafa. Aliandika barua ya rufaa akatutuma Dar kwenye kipimo cha umeme wa ubongo huku anarekodiwa kwa kamera, na alimkataza kwa ukali kabisa kuacha dawa mwenyewe, maana dawa za kifafa ukizikata ghafla zinaweza kukuletea degedege la kweli hata kama huna kifafa. Na akasema wapo watu wana vyote viwili. Hii naisisitiza kwa sababu nimeshaona watu wakisoma vitu mtandaoni wanamnyang'anya mtoto vidonge. Tulisafiri, akaanguka palepale kipimo kikiendelea, na umeme wa ubongo wakati anatetemeka ulikuwa wa kawaida kabisa. Daktari wa kule akatueleza kwa upole, huyu haigizi. Mwili unaanguka kweli, ila chanzo sio umeme wa ubongo kama kifafa, ni hiyo hiyo akili kukata mawasiliano na mwili. Zamani walikuwa wanaita histeria, jina baya limetukana wanawake miaka mingi, saivi Shirika la Afya Duniani kwenye kitabu chake kipya cha magonjwa, ICD-11 kilichoanza kutumika Januari 2022, imewekwa kwenye kundi la disosiesheni, dalili zinazofanana na za mishipa ya fahamu, wapo wanaoanguka, wapo wanaopooza mguu, wapo wanaopoteza sauti au kuona. Dawa za kifafa hazisaidii hiyo. Zikapunguzwa taratibu chini ya daktari mpaka zikaisha. Miaka miwili ya usingizi wa mdogo wangu imeenda bure, na hapa sina maneno mazuri, nimesamehe lakini sijasahau.

Nikiwa nasikiliza hayo nilikumbuka mabweni yetu, wasichana kumi wanaanguka siku moja, walimu wanaita shehe na mchungaji, wazazi wanakuja na magari kuchukua watoto. Kila mwaka tunasikia. Na sio jambo jipya, mwaka 1962 kule Kashasha karibu na Bukoba wanafunzi wa kike walishikwa na kicheko na kilio kisichozuilika, likaenea, shule ikafungwa. Mshauri aliniambia tusiweke vyote kapu moja, la kuambukizana bweni zima lina mambo yake na la mtoto mmoja anayeanguka miaka miwili lina yake, lakini kwa yote mawili swali la kwanza kwa mtoto liwe una nini kinachokulemea, kabla ya nani kakuroga.

Shangazi alikuja kutusindikiza akiwa amejiandaa kwa ugomvi. Alidhani ataambiwa aache mambo yake. Mshauri akamwamkia, akamwita mama, akamuuliza, wakija wanakuja ngoma ikipigwa tu au hata jikoni na barabarani? Akasema ngoma tu, na zikri zile ndefu mara moja moja. Wakiondoka unabaki na nini, maumivu, kazi inaharibika, unaogopa? Hapana, nabaki mwepesi. Na wenzako kwenye chama wanakuonaje? Wananiheshimu. Basi mama, wewe sio mgonjwa, sina tiba ya kukupa. Akatueleza kwamba hata hicho kitabu cha Shirika la Afya Duniani kina ugonjwa wa kupagawa na ugonjwa wa njozi, yani mtu kuzama asijitambue, lakini kimeweka masharti, iwe inakuja bila kutakwa, iwe inamtesa mtu au inamharibia maisha, na isiwe sehemu ya ibada au mila inayokubalika kwa watu wake. Wamarekani kwenye kitabu chao cha magonjwa ya akili, DSM, wanapanga tofauti, kupagawa kwa kuumwa wanakuweka ndani ya ule ugonjwa wa nafsi nyingi. Shangazi njiani kurudi akasema, kumbe wana adabu. Kwa shangazi yangu hiyo ni sifa kubwa sana.

Hilo la nafsi nyingi nililiuliza mwenyewe kwa sababu ndo lililokuwa linanitisha, filamu zinaonyesha mtu mmoja ana watu ndani yake na mmoja wao muuaji. Akasema filamu zimewaumiza hawa watu kuliko ugonjwa wenyewe. Jina lake la zamani lilibadilishwa mwaka 1994, sababu sio kwamba mtu ana watu wengi ndani, ni kwamba mtu mmoja hakupata nafasi ya kuungana akawa mmoja. Mtoto mdogo hazaliwi na nafsi iliyoshikana, inashonwa taratibu na malezi, sasa akiumizwa mara kwa mara na tena na mtu ambaye ndo anamlisha, vipande havishonwi, kipande kimoja kinabeba woga, kingine hasira, kingine kinaenda shule kama hakuna kilichotokea na hakijui habari za wenzake. Wengi mno wanaogunduliwa nao wanasimulia mateso ya utotoni, kwenye nchi za Ulaya na Marekani ni kama tisa kwa kumi. Na mara nyingi hauonekani kwa nje, hakuna kubadilisha nguo na sauti kama kwenye sinema, unachokikuta ni mtu anayekuta vitu kwenye begi lake hajui kanunua lini, anasalimiwa kwa furaha na watu asiowajua, anapoteza saa nzima mchana. Upo pia wa nusu, ICD-11 wameupa nafasi yake, pale kipande kimoja ndo kinashika usukani muda mwingi na vingine vinaingilia tu kwa sauti au hisia bila kuchukua mwili kabisa. Mi sina, mdogo wangu hana, lakini nilimshukuru kwa kunieleza kwa heshima hivo maana niliwaza hao watu wanaishi wapi hapa kwetu na wanaitwaje. Najua wanaitwaje.

Aina nyingine, ya kusahau, tuliipitia haraka. Kuna kusahau tukio moja zima, kuna kusahau vipande vyake, na ipo nadra sana ya mtu kusahau mpaka jina lake, na wengine wanaondoka kabisa nyumbani. Alitupa kisa cha zamani cha mhubiri wa Rhode Island Marekani, Ansel Bourne, mwaka 1887 alitoweka, akaenda Norristown Pennsylvania akafungua kaduka kwa jina la Brown, miezi miwili anauza tu vizuri, asubuhi moja anaamka anauliza hapa ni wapi. Hajui duka la nani. Baadae mwanasaikolojia William James alimchunguza. Nilifikiria watu wetu wanaopotea afu wanakutwa mkoa mwingine na tunasema wamechukuliwa msukule.

Sasa kuhusu fomu ya maswali waliyotujazisha. Kituo kinatumia dodoso la maswali 28 lililotengenezwa mwaka 1986, unajibu kwa asilimia kuanzia sifuri mpaka mia, hali hii inakutokea mara ngapi. Swali la kwanza kabisa ni hilo la kusafiri kwenye gari na kushtuka hukumbuki safari. Mi wastani wangu ulikuwa 34, na mshauri akaniambia 30 kwenda juu maana yake tuchunguze zaidi, haimaanishi una ugonjwa, mwenye kupima kweli ni mahojiano. Sawa. Lakini fomu yenyewe ni ya Kiingereza na hapa ndo natoa lawama, alikuwa anatutafsiria kwa mdomo swali kwa swali, na mdogo wangu alichanganya mawili matatu mpaka wakarudia. Kituo cha Tanga, wateja Waswahili, miaka yote hiyo mnashindwaje kukaa chini mkaiandika kwa Kiswahili chetu? Neno kama kupandisha, kuganda, kuzubaa, kuhama, yote tunayo, na yanatofautisha vizuri kabisa.

Lawama nyingine kubwa ni mapokezi. Kijana wa dirishani alimwita mdogo wangu kwa majina yake yote mawili kwa sauti, akaongeza yule wa kuanguka. Watu sita benchi wote wakageuka. Aliganda palepale, nilimshika mkono nikampa ndimu. Tulilalamika, mama mkubwa wa kituo akatoka mwenyewe kuomba radhi na siku zilizofuata wakaanza kutumia namba, kwahiyo walisikia, ila kwa huduma kama hii lisingetakiwa kutokea hata mara moja. Na kuta ni nyembamba, ukikaa karibu na mlango unasikia mtu analia ndani. Wameweka redio lakini bado.

Kupata nafasi tulisubiri wiki tatu. Bei ni elfu thelathini kwa saa moja, ya kwanza ni elfu arobaini kwa kuwa ni ndefu, ukisema huna wanapunguza, sisi walitufanyia mbili kwa hamsini. Safari ya Dar, kipimo, kulala, hiyo ilikuwa juu yetu na ilituuma, tuliuza cherehani ya mama. Daktari wa magonjwa ya akili pale hawana, wa dawa wanakutuma kwingine. Mjue pia hakuna kidonge kinachotibu disosiesheni yenyewe, dawa zinasaidia sonona au wasiwasi unaoambatana nayo, kazi kubwa ni mazungumzo, na ni ya muda.

Kitu nilichokipenda kwenye hayo mazungumzo ni kwamba hakumharakisha. Miezi minne ya mwanzo hakugusa kabisa kilichompata mdogo wangu. Usalama kwanza, kulala, kula, kujua dalili za mwanzo, akisikia vidole vinakufa ganzi basi akae chini, apige miguu sakafuni, ataje leo tarehe ngapi na yupo wapi. Alijifunza kwa macho wazi, mshauri alisema mtu wa aina hii ukimwambia afumbe macho avute pumzi ndefu anaweza akazidi kwenda. Ndo baadae, kidogo kidogo, wakaanza kulisogelea lile jambo, na siku ambazo lilikuwa zito walisimama. Nimesikia wapo wanaokurupuka kumfukua mtu siku ya kwanza, mwambie kila kitu utoe moyoni, na mtu anatoka hapo hali mbaya kuliko alivyoingia. Kama mshauri wako anafanya hivo muulize kwanini. Dua nazo hakutukataza, mdogo wangu anasomewa na ustadhi wa msikitini kila Alhamisi na mshauri alisema kama inamtuliza aendelee, asichapwe tu na asifungwe, hilo alilirudia kwa bibi kwenye simu kwa sababu kule kijijini lilishawahi kupendekezwa.

Hali ilivyo leo, mdogo wangu alianguka mara mbili mwezi uliopita, kabla ilikuwa mara kumi na kitu. Amerudi shule ya kutwa. Mimi kioo kimeondoka, kinarudi siku nikikosa usingizi au ikifika tarehe ya mama, nakijua saivi, nakisubiri kipite. Shangazi ana ngoma mwezi ujao.

Nyota nne. Moja nimeitoa kwa ajili ya lile dirisha la mapokezi na fomu ya Kiingereza. Ukitaka kwenda kwa mshauri yoyote wa mambo haya, popote ulipo, beba cheti cha vipimo vyote vya zamani, majina ya dawa anazokunywa mgonjwa na dozi zake, na nenda na mtu aliyemwona akianguka au akipotea maana mwenyewe hajioni. Na kama akianguka nyumbani, akishalazwa ubavu na vitu vigumu vimeondolewa karibu, mmoja wenu achukue simu amrekodi, uso na macho vionekane, tangu mwanzo mpaka anazinduka, msimtumie mtu yoyote hiyo video, mpelekeeni daktari tu. Sisi ile tuliyorekodi kwa simu ya shangazi, dakika nne tu, ndo ilimfanya yule mama aandike rufaa siku ileile.